Kamba wa Kioo wa Ruvubu

Mzee Rajabu, fundi wa vioo wa Gitega, alizikwa siku ya Jumatano alasiri. Wanaume walipokwenda makaburini sisi wanawake tulibaki uani kwake, chini ya turubai, na mimi nikapewa kazi ya kugawa chai. Ndipo alipoingia mtu mrefu mwenye bakora, kofia mkononi, akasimama mlangoni akitafuta uso anaoujua. Alikuwa mwalimu wangu wa biolojia, tuliyemwita Mesie. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini, na nywele zake zote zilikuwa nyeupe. Aliwapa pole wenye msiba, mmoja baada ya mwingine, kisha akanijia pale kwenye birika, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Godeliva,” akasema, “mi nilikusamehe zamani sana. Nilitaka ujue.” Nikamwambia, “Asante kwa kuja, Mesie. Mimi bado.” Mwanamke aliyekuwa akipanga maandazi kwenye sinia aliacha kupanga. Mama Hawa, mke wa marehemu, alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na hata siku ile neno halikumpita. Sauti yake ikatoka: “Gode, mpe mesie kiti na chai. Hayo mengine iko na miaka yake.”

Nilimpa kiti na chai yenye sukari ya kutosha. Sikuwa na hasira; hasira ya miaka yote hiyo ingekuwa imeshanimaliza. Ila kuna jambo moja sikubali liniponyoke kwa heshima ya msiba: aliyekosewa mwaka ule si yeye. Nimewasikia watu wakisimulia kisa hiki, kwamba kulikuwa na msichana mmoja wa kutoka Tanzania aliyemtukana profesa wake mbele ya inspekta wa shule kwa sababu ya vidudu vya mtoni. Leo nafundisha biolojia Muyinga mjini, nimeshapita arobaini, na wanafunzi wangu wamewahi kunihadithia kisa hicho hicho bila kujua kwamba msichana ni mimi. Kwa hiyo nakiandika mwenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini, na darasani nilikaa na watoto wa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimesomea katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa Kiswahili na Kiingereza cha kubahatisha, na tuliporudi Burundi nikakuta kila kitu huku ni Kifaransa. Vyeti vyangu vya kule mtu mmoja ofisini alivigeuza juu chini, akaniambia ni karatasi nzuri ya kufungia karanga. Nikaanza upya, chini kabisa. Kwetu Buhinyuza hakukuwa na shule iliyonikubali, Gitega ilikuwepo moja, na Mzee Rajabu alikuwa na chumba nyuma ya karakana yake. Sikukilipia, nilisugua vioo kwa siki na magazeti na nikaosha vyombo vya Mama Hawa. Chumba chenyewe kilikuwa nusu stoo. Vioo vilisimama ukutani vimetenganishwa kwa magunia, vingine vililala chini ya kitanda changu, na sikuruhusiwa kushuka kitandani bila viatu. Hakikuwa na dirisha. Lakini Mzee alikuwa ameondoa bati moja juu akaweka kioo mahali pake, kwa hiyo kuanzia saa tatu asubuhi jua lilishuka kama mtu aliyekuja kukagua, likapita kitandani, mezani, ukutani, likaondoka alasiri. Mchana kutwa nilisikia kisu chake kikikwaruza kioo, kimya kidogo, kisha ule mlio mkavu wa kuvunjika palipotakiwa. Tulikula pamoja sote watatu kwenye mkeka wa barazani: ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, maharage na ndizi kwa mawese, Ijumaa pilau. Mama Hawa alinipakulia kama mtu anayebishana. “Kula. Ile Kifaransa haiingiagi kwenye tumbo tupu.”

Mwezi wa Oktoba Mesie alichora kamba ubaoni. Alichora vizuri, hilo siwezi kumnyima: vipapasio virefu kuliko mwili, miguu myembamba, mkia unaofunguka kama kipepeo cha kupepea moto. Chini yake akaandika crevette. Akasema mnyama huyu ni wa baharini, na kwa kuwa Burundi haina bahari, basi Burundi hayupo. Niliinua mkono. Kwa Kifaransa changu cha kuokoteza nilisema nimewaona Buhinyuza, kwenye kijito kinachoingia mto Ruvubu, pale tunapochota maji. Wanajificha kwenye mizizi ya majani, na ukimtazama mmoja unaona mpaka upande wake wa pili. Darasa lilicheka Kifaransa changu kwanza, kisha likacheka nilichosema. Mesie alingoja kicheko kiishe. Akanijibu polepole ili nisipoteze hata neno moja: “Mademoiselle wa Tanzania, ulichokiona ni viluwiluwi vya mbu. Keti.”

Niliketi. Lakini sikukuu ya Watakatifu Wote ilipofika na shule ikafungwa siku chache, nilipanda gari mpaka Muyinga, nikatembea sehemu iliyobaki, na asubuhi ya pili nilikuwa ndani ya kijito na chujio la chai. Niliwanasa kama thelathini. Nikajaza bidoni, dumu letu la maji, mpaka shingoni, nikafunga kifuniko kwa nguvu ili maji yasimwagike, nikarudi Gitega jua la mchana likiipiga njia nzima. Nilipofungua, wote walikuwa wamekufa. Na kamba hawa wakifa hawabaki kioo. Wanakuwa weupe, kama punje za wali. Nilimpelekea Mesie hivyo hivyo, ndani ya kikombe. Alimshika mmoja kwa ncha za vidole, akamwonyesha darasa, akasema, “Panzi aliyechemshwa,” akanirudishia kikombe nikamwage nje. Nilipotoka nilisikia benchi zote zikicheka nyuma yangu.

Jioni ile nilishindwa kula. Mama Hawa aliuliza ni nini kimenikuta, nikamwambia nataka kufuga kamba. Akaacha tonge mkononi. “Kamba? Ya kufungia mbuzi?” Nikamweleza. Akauliza kama wanaliwa. Nikasema wanaweza kuliwa lakini mimi siwataki kwa hilo. “Alors unawataka kwa nini?” Nikasema nataka wazaliane hapa Gitega, mbele ya macho ya watu, ili asiwepo wa kuniambia ni panzi. Mzee Rajabu alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi yake ilikuwa imemzoesha kusogea taratibu karibu na kila kitu. Alimaliza maharage yake, akaosha mikono, akasema, “We ulimpelekea maiti. Maiti haibishani. Lete mzima, mi nitakutengenezea nyumba yake.”

Likizo ya Noeli nilisafiri nikiwa nimefikiri. Bidoni niliijaza nusu tu, nikatia majani ya mtoni wapate pa kushika, nikaziba mdomo kwa kitambaa badala ya kifuniko, na nikaondoka Buhinyuza alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Ishirini na sita walifika Gitega wakiwa hai. Mzee alikuwa amenitengenezea sanduku la kioo, urefu wa mkono wangu mzima, kutokana na kabati la duka lililovunjika. Lilipendeza mno hata Mama Hawa alitaka kuwekea vikombe vyake vya sikukuu. Nilijaza maji ya bomba nikawatia. Kufikia kesho yake walikuwa wamekufa tisa. Nilidhani ni maji, na kweli maji yalikuwa na dawa, ile harufu unayoisikia asubuhi ukifungua bomba. Nikajifunza kuyaacha kwenye karai siku mbili kabla ya kuyatumia. Vifo vikapungua lakini havikukoma. Mzee ndiye aliyeinama siku moja akanusa kona za sanduku. Alikuwa ameziba kwa mastiki, ile gundi nzito ya kushikia vioo vya madirisha. “Ni hii,” akasema. “Hii iko na mafuta yake. Mi ndo nawaua.” Hakuniuliza. Alilivunja sanduku lote, akasugua vioo kwa wembe, akaviunga upya kwa silikoni aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kazi ya mteja mkubwa, na akaliacha wiki nzima likauke mpaka harufu ya siki ikaisha kabisa. Wakati huo kamba wangu kumi na mmoja waliobaki waliishi ndani ya sufuria ya Mama Hawa ya pilau, na Ijumaa ile tulikula wali mweupe.

Kuanzia Januari chumba changu kilikuwa na nchi ndogo ndani yake. Nilitandaza mchanga wa mtoni chini, nikapanda majani niliyokuja nayo, na jua la kwenye paa likayakuza. Nilijua saa za jua hata bila saa, kwa sababu likifika kwenye sanduku majani yalianza kutoa mapovu madogo na kamba wote walitoka mafichoni. Wanakula kwa mikono, mmoja mmoja, kama watu wenye adabu. Ukimpa kipande cha lengalenga lililochemshwa, ule mchicha wetu, unaona mstari wa kijani ukishuka ndani yake, na nyuma ya kichwa, ukisogeza uso karibu, moyo unapiga haraka haraka. Hana pa kuficha chochote. Mara ya kwanza mmoja alipovua ganda nililia nikidhani amekufa, maana ganda lilibaki limesimama lote, na miguu yake na vipapasio vyake. Mwenyewe nilimkuta nyuma ya jiwe, laini, akitetemeka, akingoja ganda jipya ligumu. Niliacha lile la zamani mle mle, na baada ya siku mbili walikuwa wamelila.

Habari zilitembea mtaani. Nilikuwa nikianika nguo siku moja nikasikia wanawake wawili upande wa pili wa ukuta. “Yule wa kutoka Tanzania anafuga majini kwenye kioo. Hayana rangi. Dada yangu aliyaona.” Mwingine akauliza, “Na Mama Hawa anakubali?” Kabla sijajua la kufanya, Mama Hawa alikuwa ameshapanda juu ya kreti, kichwa kimepita ukuta. “Mama Hawa anakubali,” akasema. “Muje muone. Mukiogopa, mubaki kwenu na midomo yenu.” Wakaja, tena wakaja na wengine. Nilisimama kando ya sanduku nikieleza kwa Kiswahili na Kirundi wanakula nini, dume ni yupi, jike ni yupi, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nirudi nchini: watu wazima wakinisikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Mwishoni mwa Januari jike mkubwa alianza kubeba mayai chini ya tumbo, kama shanga za kijani, akiyapepea mchana kutwa kwa vimiguu vyake vya nyuma. Nilihesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango. Siku ya ishirini na mbili yaliangua. Watoto walikuwa kama mavumbi yaliyopinda, wananing’inia kichwa chini wakisukumwa na maji, hawafanani na kamba kabisa. Nilikimbia kumwita Mzee akiwa na kioo cha mtu mkononi. Baada ya siku tano hakubaki hata mmoja. Wengine waliliwa na wakubwa, waliobaki walikufa njaa, maana niliwapa makombo na wao midomo yao haikuweza makombo. Niliketi sakafuni, na sikuvaa viatu. Mama Hawa alisimama mlangoni. “Watoto wachanga hawalishwi ugali,” akasema. “We fikiri. Kule mtoni walikuwa wanakunywa nini?”

Mtoni walikunywa ule ukijani wa maji yenyewe. Nilichukua mitungi mitatu ya kioo, nikatia maji na kidonge kimoja cha mavi ya mbuzi katika kila mmoja, nikaipanga juu ya ukuta juani mpaka maji yakawa ya kijani kama supu ya mboga. Jike mwingine alipobeba mayai, nilimhamishia kwenye mtungi wake peke yake. Yalipoangua nilimtoa yeye nikawaacha watoto. Kila asubuhi, mchana nikirudi kula, na jioni, niliwatilia kijiko cha yale maji ya kijani. Niliacha kwenda kokote. Wiki ya pili walikuwa bado wapo. Wiki ya nne, asubuhi ya Jumapili kabla sijakwenda misa, nilimwona mmoja amegeuka. Hakuning’inia tena kichwa chini. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa kioo kwa miguu yake, mdogo kuliko punje ya mtama, na alikuwa kamba kamili. Nilihesabu arobaini na watatu. Misa sikuenda, na sijawahi kuungama kwa hilo.

Mesie alikuja mwenyewe mwezi wa Mei. Alisema amekuja kupima kioo cha dirisha, lakini macho yake yaliupita mlango wa karakana yakaingia mpaka chumbani kwangu. Mzee akamwambia aingie. Alipiga magoti mbele ya sanduku, suruali yake iliyopigwa pasi ikagusa vumbi. Mimi nilisimama nyuma yake nikingoja neno moja tu: kwamba nilikuwa nimesema kweli. Alitazama kwa dakika nyingi. Alipoinuka akasema, “Wiki ijayo inspekta anakuja. Tutawaonyesha hawa.” Nililisikia lile “tutawaonyesha”, nikalipokea kwa furaha. Nilidhani mimi nimo ndani yake.

Siku yenyewe tulibeba sanduku mimi na Mzee, maji nusu, mpaka darasani, tukaliweka juu ya meza ya mbele. Nilipogeuka niliona Mesie amebandika karatasi juu ya kioo, kwa mwandiko wake mzuri: Klabu ya Biolojia. Shule haikuwa na klabu ya biolojia. Akanielekeza benchi la mwisho, akaninong’oneza, “Inspekta atazungumza Kifaransa. Wewe leo pumzika.” Inspekta aliingia na direktrisi, mkuu wa shule yetu, mwanamke mnene, mpole wa sauti, tuliyemwita Madamu. Akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, uso wake ukafunguka. Akauliza wametoka wapi. Mesie akasema waliagizwa Ulaya. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa tayari kuwavusha bahari kamba wangu kuliko kufuta mstari mmoja wa somo lake. Inspekta akauliza mayai yanachukua siku ngapi kuangua. Mesie akasema siku tatu.

Nilisimama. Sikuinua mkono, na hilo ndilo kosa langu, nalikiri mpaka leo. Nilianza kwa Kifaransa, kikanikwama, nikakiacha. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mbele: “Siyo, Mesie. Ni siku ishirini na mbili. Na hawakutoka Ulaya, wametoka Ruvubu, kwetu Buhinyuza. Nimewabeba mwenyewe, nimewazalisha mwenyewe, na sanduku ametengeneza Mzee Rajabu. Hakuna klabu.” Hakuna aliyecheka. Inspekta aligeuka akanitazama, akaniita kwa Kirundi nije mbele. Kwa robo saa nzima aliuliza nami nikajibu: maji ya bomba, mastiki, maji ya kijani, jike kwenye mtungi wake. Mesie alisimama kando na chaki mkononi. Mwishoni inspekta aliandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia kazi ni nzuri, akaingia kwenye gari akaondoka. Sijawahi kumwona tena, wala kujua aliandika nini.

Kesho yake nilifukuzwa mpaka nitakapoandika barua ya kuomba radhi. Mzee alikuja na baiskeli yake, ile yenye fremu ya mbao ya kubebea vioo, tukalifunga sanduku kwa mipira, na kamba wakarudi nyumbani ndani ya ndoo mbili nilizobeba mimi. Watoto wa darasa langu walitutazama kupitia madirishani mpaka tulipopotea. Siku iliyofuata nilikuwa chumbani, mlango umeegeshwa, nikawasikia Mzee na Mama Hawa barazani wakichambua mchele. “Aandike,” alisema Mzee. “Barua ni karatasi. Mi nimeombaga radhi kwa wateja mara ngapi, na kioo walivunja wenyewe?” Mama Hawa akasema, “Na ulipoomba, walikuheshimu?” Nikasikia Mzee akimimina mchele mwingine. “Nauliza tena. Yule mtoto alisema uongo?” “Hapana.” “Donc. Basi.” Nikasikia mchele ukipetwa, muda mrefu, bila mtu kusema neno. Nadhani mapenzi niliyonayo kwa wazee wale wawili, sehemu kubwa yake yalizaliwa katika ukimya ule, kwa sababu kila mmoja aliona alichokiona na hakuna aliyekuja kunisukuma.

Wiki ya pili, Ijumaa, Madamu direktrisi alikuja. Mzee alikuwa ameshakwenda msikitini. Mama Hawa alimkaribisha, akampa soda, akasogea jikoni akaacha mlango wazi. Madamu aliomba kwanza kuwaona kamba. Wadogo walikuwa wamefikia urefu wa ukucha, wanapanda majani na kushuka, na jua lilikuwa limewafikia. Alitazama, akatabasamu bila kutaka, kisha akatoa karatasi kwenye mkoba. Barua ilikuwa imeshaandikwa. “Huna haja ya kuhangaika na Kifaransa,” akasema. “Weka sahihi tu. Jumatatu unarudi, unafanya mtihani na wenzako, unapanda darasa. Usipoweka, mtihani utakupita na utarudia mwaka. Mi sipendi iwe hivyo, Godeliva. We ni mkubwa tayari.” Nikaomba niisome. Niliisoma taratibu, kidole kikifuata kila mstari. Ilisema nilizungumza bila ruhusa, kweli. Ilisema nilimwaibisha mwalimu mbele ya wageni, nalo kweli. Ilisema nilidanganya kwamba wanyama wale walitoka katika mto Ruvubu.

“Madamu,” nikasema, “futa mstari huu mmoja. Yote mengine naweka sahihi sasa hivi.” Akasema hawezi kuufuta. “Ni mstari mmoja tu.” Akasema Mesie hatakubali barua bila huo. Nikamwuliza yeye mwenyewe anadhani wametoka wapi. Aliyatazama majani ya mtoni, mchanga, bidoni ya manjano kwenye kona, na vumbi jekundu la Buhinyuza likiwa bado limeshika kitako chake. Alikuwa mtu mwema, na ukweli alishaujua. Ndiyo maana sikumhurumia. “Ninachodhani mimi hakina kazi hapa,” akasema. “Basi na sahihi yangu haina kazi hapa,” nikasema, nikamrudishia karatasi. Jikoni Mama Hawa aliangusha mwiko, na naapa aliuangusha makusudi. Madamu alikunywa soda yake mpaka mwisho, akashukuru, akasimama. Mlangoni akageuka. “Utarudia mwaka mzima na watoto wadogo zaidi.” Nikasema, “Nitarudia.”

Watu wananiuliza kama nilijuta. Julai, wenzangu walipokuwa wakisherehekea kupanda darasa, nilijuta asubuhi mpaka jioni. Singekuwa binadamu kama nisingejuta. Mwaka mmoja ni mrefu ukiwa na miaka ishirini. Lakini likizo ile nzima nilikaa na kitabu cha Kifaransa mbele ya sanduku, nikisoma kwa sauti, na kizazi cha pili kikabeba mayai yake chenyewe, kamba waliozaliwa Gitega wakizaa Gitega. Nikagawa baadhi kwa wanawake wa mtaani waliotaka, katika mitungi na makarai, na Mzee Rajabu alitengeneza masanduku mengine matatu, yote kwa silikoni. Kilichonipa taabu hakikuwa tena Mesie. Kilikuwa ni kujua kwamba siku moja nitasimama upande ule wa ubao, na kwamba mtoto atainua mkono.

Septemba nilifungua mlango wa darasa lile lile. Watoto walikuwa wadogo kweli, wengine miguu haikugusa sakafu. Nilipita katikati ya macho yao mpaka benchi la kwanza, hatua mbili kutoka ubaoni, nikaweka daftari langu. Msichana wa kando yangu akaniuliza kwa adabu kama mimi ni mwalimu mpya. Nikamwambia hapana, mimi narudia. Mesie akaingia. Tukasimama wote, kama kawaida, na macho yake yakapita darasa zima mpaka yakafika kwangu yakasimama. Sikuangalia chini. Akasema, “Asseyez-vous.” Benchi zikalia nyuma yangu moja baada ya nyingine, wote wakakaa. Mimi nilikaa wa mwisho.